Ndoo Tisa Kutoka Hewani

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu kipimo. Nalisema hilo mapema ili wewe kijana unayesoma usidhani kwamba mambo ya hewa na unyevu wake nilizaliwa nikiyajua. Niliingia katika kiwanda kimoja cha sukari upande wa Shianda nikiwa na cheti cha ufundi kutoka Kakamega, suruali iliyopigwa pasi ikasimama, na kiburi cha mtu ambaye hajaulizwa swali gumu maishani. Jina la kiwanda naliacha.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Msimamizi wa Vipimo, mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Alinipeleka nje ya karakana akanionyesha vipimajoto viwili vilivyotundikwa pamoja ndani ya kisanduku cha mbao chenye matundu. Kimoja kilikuwa wazi. Cha pili kilifungwa kitambaa cha pamba kule chini, na ncha ya kitambaa ilizama katika kikombe cha maji. Aliniambia niwe nikivisoma asubuhi na alasiri na kuandika, kisha akaenda zake.

Nilivitazama nikachanganyikiwa. Kimoja kilisoma nyuzi ishirini na sita, kingine ishirini na moja. Kisanduku ni kimoja, hewa ni moja, mbona majibu mawili? Nikaona kile kitambaa kimekuwa cheusi kwa uchafu, nikaamua ndicho kinachosumbua. Nikakivua, nikapangusa kioo kwa leso yangu. Baada ya dakika chache vyote viwili vilisoma ishirini na sita, nami nikafurahi kama mtu aliyewasha injini iliyokufa.

Msimamizi wa Vipimo aliporudi hakunigombeza. Alitazama kitambaa mkononi mwangu akasema, "Kijana, umemtibu mtu ambaye hakuwa mgonjwa."

Aliniamuru nichovye mkono kwenye maji niupunge mbele ya feni. Ukawa baridi. Akaniambia kwamba maji yanapoondoka kwenda hewani huchukua joto, ndiyo maana kile kitambaa kibichi hupoza kipimajoto chake. Hewa ikiwa kavu, maji huondoka haraka na tofauti ya vipimo viwili huwa kubwa. Hewa ikishajaa maji, kama asubuhi za masika, hakuna kinachoondoka, na vipimo viwili husoma karibu sawa. Kwa hiyo ile tofauti niliyoiona kuwa kosa ndiyo kazi yenyewe: inatuambia hewa ina kiu kiasi gani.

Mkono niliuelewa. Kilichonishinda ni chati ya hewa. Ilikuwa karatasi kubwa iliyobandikwa ofisini kwake, imejaa mistari iliyolala upande kama miwa iliyoangushwa na upepo. Unachukua kipimo kikavu na kipimo kibichi, unatafuta mahali inapokutana mistari yao, na hapo unasoma mambo matatu: kila kilo ya hewa imebeba gramu ngapi za maji, hayo ni asilimia ngapi ya yale ambayo hewa hiyo ingeweza kubeba, na ikipozwa, itaanza kuyaangusha kwa nyuzi ngapi. Hicho cha mwisho ndicho kiwango cha umande.

Karibu miaka miwili niliandika tarakimu hizo kama mtu anayenakili barua ya lugha asiyoijua. Asubuhi kulikuwa na baridi, na chati ilisema hewa imejaa asilimia tisini. Saa saba mchana ilisema sitini na tano. Lakini ukisoma gramu, hewa ya mchana ilikuwa na maji mengi kuliko ya asubuhi. Yenye maji mengi ndiyo ikaitwa kavu. Nilimwendea Msimamizi wa Vipimo nikamwambia chati imekosewa.

"Usiulize debe limejaa kiasi gani peke yake," akanijibu. "Uliza na debe lenyewe ni kubwa kiasi gani. Hewa ikipata joto, debe linakua."

Nilidhani nimeelewa. Leo nafikiri nilielewa nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyonitia mashakani.

Msimamizi wa Vipimo alipostaafu, nilihamishiwa chini ya Mhandisi Mkuu. Wakati huo kiwanda kilikuwa na taabu moja. Sukari ikikaa ghalani kwenye hewa yenye unyevu hunyonya maji kidogo, kisha ikikauka tena hushikana ikawa jiwe. Wateja walikuwa wakirudisha mifuko ambayo ungeweza kuijengea nyumba. Mhandisi Mkuu akaagiza mashine kubwa ya baridi kwa ajili ya ghala. Kazi yake si ngumu kueleza. Hewa hupitishwa kwenye mabomba yaliyo baridi kupita kiwango cha umande, maji yanatoka na kutiririka nje kwa mfereji, na hewa inarudi ndani ikiwa imeyaacha. Mhandisi Mkuu alipiga hesabu zake akaiweka mashine ilishike ghala kwenye nyuzi ishirini na mbili, akanikabidhi niitunze.

Ghala lenyewe lilikuwa mikononi mwa Swaleh Makokha, ambaye kila mtu alimwita Bwana Stoo. Alikuwa mtu wa kofia safi na kalamu sikioni, na hukuweza kuanza neno naye kabla ya salamu kwisha yote, wewe, mama watoto, watoto, mpaka ng'ombe. Mimi ni Mkristo wa Khwisero, lakini kila asubuhi aliniambia "Asalaam aleykum, Fundi," nami nikajifunza kumjibu. Rafiki yake mkubwa alikuwa Kweyu, nyapara wa wapakiaji, mtu mrefu aliyebeba mfuko wa kilo hamsini huku akiimba. Wawili hao walikula pamoja kila mchana nyuma ya ghala, kwenye sahani moja, kwa miaka.

Mashine ilisaidia, lakini kona moja ya ghala bado ilitoa sukari iliyoshikana. Nikawaza hivi: baridi ndiyo inayotoa maji kwenye hewa, kwa hiyo baridi zaidi itatoa maji zaidi. Nikaenda kwa Mhandisi Mkuu kuomba tushuke mpaka nyuzi kumi na sita.

"Umepiga hesabu?" akauliza.

Nikasema nimepiga. Ni kweli nilikuwa nimepiga, lakini kwa ghala lililofungwa milango. Akaweka sahihi chini ya ombi langu. Kwa wiki tatu sukari ilimiminika kama mchanga mkavu, na Meneja wa Kiwanda akanisifu mbele ya wenzangu. Mifuko yote mle ndani, maelfu yake, ikapoa polepole mpaka kumi na sita.

Kisha mvua za masika zikaanza, na siku moja malori yakaja kwa mpigo. Kwa kawaida milango ya ghala ilifunguliwa kwa nusu saa hivi, lori moja likapakiwa, ikafungwa. Siku hiyo ofisi ilitoa amri malori yote yajazwe kabla ya jioni, na Bwana Stoo akaiacha milango wazi kwa saa tano mfululizo. Mimi nilikuwa upande wa boila nikitengeneza geji ya mvuke. Alasiri nilisoma vipimo vyangu vya nje kama desturi, ishirini na saba kwa kikavu, ishirini na tatu kwa kibichi, nikaandika na kwenda nyumbani.

Asubuhi ghala lilikuwa limelowa. Sakafu ilikuwa na madimbwi, mifuko ya chini ilikuwa imevimba pembeni, na ile ya juu ilikuwa na matone kama iliyonyeshewa. Lakini jana yake na usiku kucha mvua haikuwa imenyesha, paa lilikuwa zima, na ndani ya ghala hamkuwa na bomba hata moja. Wafagiaji walikausha sakafu kwa matambara, wakayakamua kwenye ndoo za lita ishirini. Zikajaa tisa. Nazikumbuka kwa sababu Mkuu wa Usalama aliamuru zipangwe mstari mlangoni, kama ushahidi.

Nanyi mjue kwamba wizi wa ghala ulikuwa na njia yake ya zamani. Mtu huchota sukari kidogo mfukoni, kisha hunyunyiza maji ili mfuko ukipimwa usipungue uzito. Mkuu wa Usalama hakuhitaji kufikiri mara mbili. Funguo za ghala ni za nani? Bwana Stoo akanyang'anywa funguo mchana ule ule, akaambiwa akae nyumbani mpaka kikao. Shianda ni ndogo. Nilisikia kwamba msikitini Ijumaa ile watu walisimama mbali naye kidogo kuliko kawaida ya safu.

Mimi sikujua niamini nini. Kwa siku mbili nilitafuta maji hayo yalikotoka. Nilipanda paa. Niligonga sakafu nikisikiliza kama kuna mfereji wa zamani chini. Niliikagua mashine nikaikuta inafanya kazi, na mfereji wake unatiririka nje kama inavyotakiwa. Wafagiaji walinong'ona kwamba kuna mtu aliyetumiwa kitu cha uchawi. Sikuwacheka, maana sikuwa na maelezo bora kuliko yao. Na kila nilipopiga hatua moja nilimwona Bwana Stoo moyoni, nikajiuliza: kumbe labda kweli ameiba?

Siku ya tatu niliingia ghalani na spana kubwa kukaza bolti za mashine. Nikakaa humo muda mrefu, nikatoka nje juani. Spana ikaniteleza mkononi. Nilipoitazama ilikuwa imelowa pande zote, maji yanadondoka kwenye kiatu changu. Ndani ilikuwa kavu. Ililowa nje, kwenye jua.

Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza kama ninaumwa. Kisha nikaenda kwenye chati.

Siku ya malori, hewa ya nje ilibeba gramu kumi na tisa hivi za maji kwa kila kilo. Kiwango chake cha umande kilikuwa nyuzi ishirini na moja na nusu. Hewa hiyo ilipoingia na kugusa mifuko yenye nyuzi kumi na sita, haikuweza kushika zaidi ya gramu kumi na tatu. Gramu sita za kila kilo lazima ziliangukia mahali, na mahali penyewe ni juu ya mifuko na sakafu. Nikapima ghala, urefu, upana na kimo: lilichukua karibu kilo elfu nne na mia saba za hewa. Hiyo ni lita ishirini na nane za maji kila hewa yote inapobadilika. Nikakisia kwamba kwa milango ile hewa ilibadilika mara moja kwa saa. Saa tano, lita mia moja na arobaini. Ndoo saba.

Kisha nikatazama mstari wa nyuzi ishirini na mbili. Kama mashine ingebaki kwenye nyuzi ishirini na mbili za Mhandisi Mkuu, mifuko ingekuwa na joto kuliko kiwango cha umande cha siku ile. Lisingeanguka hata tone moja. Ghala lilipokuwa limefungwa, baridi yangu ilikausha. Lilipofunguliwa, baridi ile ile ilivuta maji kutoka nje. Aliyelowesha sukari alikuwa mimi.

Sitajifanya shujaa. Nilikaa na karatasi ya hesabu ile siku nzima ndani ya koti. Niliwaza kwamba pengine kikao kitamwachilia Bwana Stoo kwa kukosa shahidi, na jambo lipoe lenyewe. Jioni nikampita mkewe sokoni Shianda. Alikuwa akinunua mboga, na muuzaji alikuwa akimhudumia bila kumsemesha. Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mhandisi Mkuu.

Alisoma karatasi mara mbili. "Unajua umeniletea nini hapa?" akaniuliza. "Chini ya hii kumi na sita kuna sahihi yangu."

"Najua, Bwana Mhandisi. Lakini ombi ni langu, na hesabu ilikuwa yangu."

Kisha kidole chake kikashuka mpaka mwisho wa karatasi. "Umepata saba. Waliteka tisa."

Nilimweleza kwamba ile mara moja kwa saa ni kukisia tu, na hewa ikibadilika haraka kidogo zaidi, ndoo tisa zinapatikana. Pengine ndivyo ilivyokuwa, nikasema.

"Pengine," akarudia. "Mbele ya kikao usije ukasema pengine. Wakiisikia hiyo, mzee wa watu amekwisha."

Kikao kilifanyika ofisini kwa Meneja wa Kiwanda, sisi wakubwa na mafundi tu. Nilieleza kwa Kiingereza, nikaonyesha chati, nikaingiza spana ghalani na kuitoa mbele yao. Nilisema maji yote yalitoka hewani. Mkuu wa Usalama alinuna. Bwana Stoo akarudishiwa funguo zake wiki hiyo, mashine ikarudishwa ishirini na mbili, na milangoni pakatundikwa mapazia mazito ya plastiki. Mimi nilipewa barua ya onyo nikahamishiwa kwenye pampu. Ilikuwa haki yangu.

Wapakiaji na wafagiaji walipouliza kulikuwa na nini, waliambiwa, "Ilikuwa hewa." Hakuna aliyewaeleza zaidi, wala mimi. Sikufikiri kwamba kulikuwa na haja.

Bwana Stoo alikuja kwenye pampu kunishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema Mungu atanilipa, lakini hakunitazama usoni. Nilidhani ni unyenyekevu. Baada ya hapo nilisikia kwamba yeye na Kweyu hawali tena pamoja. Nikadhani ni mambo ya zamu.

Miaka ikaenda. Niliondoka kiwandani nikaajiriwa katika hospitali moja mjini Kakamega, kutunza hewa ya chumba cha upasuaji. Daktari Msimamizi alitaka baridi tu, na kila mara nilimwomba aniruhusu nipoze hewa mpaka iache maji, kisha niipashe joto kidogo kabla haijaingia chumbani, maana hewa baridi isiyokaushwa huacha umande kwenye vyombo. Alizoea kuniambia, "Fundi, unaniwashia jiko ndani ya friji." Lakini aliniruhusu. Mwishowe nilifundisha chuoni, kwa vijana waliopanga vyumba Shirere, ambao hesabu iliyonichukua mimi mchana mzima huipata kwenye simu kabla sijamaliza kuiandika ubaoni. Walinipenda, nafikiri, ingawa waliniita Mzee Umande. Nikastaafu, nikarudi Khwisero kwenye shamba langu.

Mwaka jana nilipata habari kwamba Swaleh Makokha macho yamemwishia na anaulizia watu wa zamani. Nikaenda Shianda kumwona. Alinijua kwa sauti. Tuliamkiana yote, mpaka ng'ombe. Binti yake akatuandalia obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, na tulipokwisha kunawa, akamwomba bintiye atuache kidogo.

"Fundi," akasema, "kila nikisali nakuombea. Namwomba Mwenyezi Mungu akusamehe ule uongo, kwa sababu uliusema kwa ajili yangu."

Sikumwelewa. Nikamuuliza uongo upi.

"Ule wa maji kutoka hewani. Ulinionea huruma, ukawatungia wakubwa hadithi, mpaka ukapoteza kazi yako nzuri. Mimi sijasahau."

Nilijihisi kama siku ile mbele ya vipimajoto. Nikamwambia haukuwa uongo. Nikamweleza, safari hii kwa Kiswahili na kwa polepole, habari za spana, za mifuko baridi na hewa ya masika, za chupa ya soda inayotoka jasho mezani. Alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama upande. Akaniuliza maswali, na yalikuwa maswali mazuri kuliko ya wakubwa wote wa kikao kile.

"Basi sikufanya vizuri," akasema mwishowe.

Ndipo akaniambia. Siku ya malori alimwona Kweyu akiingia ghalani na ndoo mbili za maji. Asubuhi alipoona madimbwi, akajua ni Kweyu. Hakumtaja kwa Mkuu wa Usalama, kwa sababu hangeweza kumsaliti rafiki yake, akaona heri abebe yeye. Lakini tangu siku ile hakumpa Kweyu mkono tena. Hakumwambia sababu. Kweyu alimfuata nyumbani mara mbili kumuuliza amemkosea nini, akamfungia mlango. Na Kweyu alipofariki, hakwenda matangani.

"Sasa niambie wewe uliyesoma," akasema. "Kweyu alimwaga, au hakumwaga?"

Ndoo mbili. Nilizisikia zikitua ndani yangu. Miaka yote hiyo karatasi yangu ilikuwa na saba, na sakafu ilikuwa na tisa, nami nilikuwa nimeizoea ile tofauti kama mtu anavyozoea jino bovu. Sasa hesabu ilikuwa imekamilika, na sikuitaka. Lakini hata kukamilika kwake sikukuamini, kwa sababu saba yenyewe nilikuwa nimeikisia. Ningekisia vingine ingekuwa sita, au tisa kamili. Tena wapakiaji wa sukari hunawa kila saa, mikono inanata. Mtu anaweza kuingia na ndoo mbili za kunawa, zikamwagika, asione hata haja ya kusema. Na mtu anaweza pia kuingia nazo kwa nia nyingine.

Nilimwambia, "Hakumwaga. Yote yalitoka hewani."

Akaniamini. Niliposema kweli hakuniamini, na sasa niliposema nisilolijua akaniamini mara moja. Machozi yakamtoka katika macho yale yasiyoona. Akaomba nimshike mkono, twende kwa mjane wa Kweyu siku hiyo hiyo.

Mama Rispa anakaa mwendo wa nusu saa kutoka pale, nyumba yenye mlango wa bluu kando ya shamba la miwa. Alitupokea vizuri, akatupa viti, ingawa alipomtambua Swaleh uso wake ulibadilika. Swaleh alianza kusema, akaacha. "Fundi," akanigeukia, "mweleze wewe."

Nikaanza upya. Mama, hewa hubeba maji ambayo hatuyaoni. Nikamweleza kila kitu, mpaka ndoo zilizopangwa mlangoni, mpaka shaka ya Swaleh na mkono aliomnyima Kweyu. Alisikiliza huku akipepeta maharagwe kwenye ungo, bila kunikatiza.

"Mume wangu alisumbuka sana," akasema. "Hata akiwa mgonjwa kitandani, alikuwa akiniuliza, Mama Rispa, hivi Bwana Stoo nilimkoseanga nini? Mimi ningejuaje? Alikwenda bila kujua." Akaweka ungo chini, akanitazama mimi, si Swaleh. "Na wewe haya yote uliyajua tangu wakati huo?"

"Niliyajua, Mama."

"Ukawaambia nani?"

"Wakubwa."

Baada ya kitambo alimletea Swaleh maji ya kunywa, akamshikisha kikombe kwa mkono wake mwenyewe, na Swaleh akanywa yote. Waliongea kidogo juu ya Kweyu, jinsi alivyoimba akibeba mzigo. Mimi niliketi nikiwasikiliza.

Nimeandika haya kwa sababu chuo kiliniomba niwaachie vijana maneno ya kuwasaidia kazini. Pimeni vyote viwili, kikavu na kibichi. Msishushe baridi kabla hamjahesabu mlango ukiwa wazi. Na mkishapata jibu, msiliache ofisini. Hayo nina uhakika nayo. Mengine sina.

Mama Rispa alipotusindikiza mpaka barabarani aliniuliza kama ni kweli kabisa, maji yote, na nikamjibu ni yote. Ndoo mbili sikumtajia. Mpaka leo sijui nilinyamaza kwa kumhurumia yeye, au Swaleh, au hesabu yangu.